Mkataba unanitaka niwajibike kwa "madhara yoyote" ya chakula shuleni: nijilinde vipi kabla ya kutia sahihi?

Mpishi wa Mamboleo (Kisumu)

Habari zenu wanajukwaa. Ninaendesha jiko la kupikia watu kwa oda hapa Mamboleo, na kazi yetu kubwa ni chakula cha mchana cha shule mbili za kibinafsi na chuo kimoja cha ufundi. Sasa shule ya tatu, yenye wanafunzi wa kutwa na wa bweni, imetuletea mkataba wa mwaka mzima. Bei ni nzuri na sifa yao ya kulipa kwa wakati inajulikana, lakini kuna kipengele kimoja kilichonifanya niuweke mkataba kando kwanza. Kinasema kwamba msambazaji "atawajibika kwa madhara yoyote yatakayompata mwanafunzi au mfanyakazi yeyote kutokana na chakula kilichosambazwa, bila kujali chanzo chake."

Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yanayonikosesha usingizi. Chakula tunakipika sisi na kukipeleka kwa gari letu, lakini kinapokewa na mpishi wa shule, kinapakuliwa na wafanyakazi wa shule, na nimeambiwa waziwazi kwamba kinachobaki huwekwa kwa ajili ya wanafunzi wa bweni jioni. Kwa upande wa nyuma, unga tunaununua kwenye kinu kimoja cha Bungoma, maharagwe na ndengu katika soko la Kibuye, omena na samaki kutoka Dunga. Kwa hivyo kuna mikono mingi kabla ya sufuria yangu, na mingine mingi baada yake, ilhali karatasi inanitaja mimi peke yangu.

Nauliza: je, kipengele kama hicho kinaweza kupunguzwa makali bila kupoteza kazi? Mtoto akiugua kwa sababu chakula kilikaa shuleni hadi jioni, sheria inamtazama nani? Na ni kumbukumbu zipi hasa zitakazonisaidia mbele ya hakimu, mbali na zile za kujazwa ili mkaguzi aridhike aende zake? Mwenzangu wa biashara ananiambia nisajili kampuni, ninunue bima, kisha nitie sahihi bila wasiwasi. Sina hakika kwamba mambo ni mepesi hivyo.

Wakili wa Nakuru

Dada Mpishi, kipengele hicho kikibaki kama kilivyo kitakugeuza kuwa kampuni ya bima ya shule, tena bima ambayo shule hailipii. Usikitie sahihi. Lakini kabla ya kukirekebisha ni vizuri ujue dhima inakujia kwa njia zipi, kwa sababu mkataba unaweza kugusa baadhi yake tu.

Njia ya kwanza ni ya jinai. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali (Sura ya 254) inamkataza mtu yeyote kuuza chakula chenye sumu au kitu chenye madhara, au chakula kisichofaa kuliwa na binadamu, na Sheria ya Afya ya Umma (Sura ya 242) inawapa maafisa mamlaka ya kukagua na kutwaa chakula cha namna hiyo. Hapa makubaliano yako na shule hayana kazi yoyote. Huwezi kumhamishia mwenzako kosa lako la jinai, wala yeye hawezi kukuhamishia lake.

Njia ya pili ni mkataba wenyewe. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31), mtu anayeuza bidhaa za aina fulani kama kazi yake, huku akijua mnunuzi anazitakia nini, anahesabiwa kuwa ameahidi kwamba zinafaa kwa kusudi hilo, hata kama neno hilo halikuandikwa popote. Shule imekuambia ni chakula cha watoto, kwa hivyo ahadi hiyo umekwisha kuitoa. Ukali wa njia hii ni kwamba shule haihitaji kuthibitisha uzembe: chakula kikiwa kibovu wakati unakikabidhi, umevunja mkataba ingawa ulijitahidi kadiri ya uwezo wako. Faraja yake ni kwamba wewe nawe ni mnunuzi. Makali hayohayo unayo dhidi ya msagaji wako, mradi uweze kuonyesha kwamba gunia lililoleta balaa ni lake na si la mtu mwingine.

Njia ya tatu ni uzembe, na ndiyo watakayoitumia wazazi, kwa kuwa watoto hawakutia sahihi mkataba wowote na wewe. Mahakama zetu zinafuata msingi uliowekwa mwaka 1932 katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyotoka Scotland. Mama mmoja alikunywa soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki yake katika mkahawa mjini Paisley, akadai kwamba ndani ya chupa, ambayo haikuwa ya kuonekana ndani, kulikuwa na mabaki ya konokono. Hakuwa na mkataba na mtengenezaji, lakini iliamuliwa kwamba mtengenezaji anayetoa bidhaa ili imfikie mlaji kama ilivyotoka kwake, bila nafasi ya kutosha ya kukaguliwa njiani, ana wajibu wa kumtunza mlaji huyo. Zingatia hayo ya kukaguliwa njiani, dada. Chakula chako kikifika kimefungwa na kupakuliwa papo hapo, kidole kinaelekea jikoni kwako. Kikifunguliwa, kikachanganywa, kikawekwa hadi jioni na kupashwa tena na watu wasio wako, mnyororo umeingiliwa, na mahakama inaweza kuwagawia lawama kwa asilimia, wewe fungu lako na shule fungu lake. Ukishtakiwa peke yako, unaweza kuomba shule, au msagaji, aingizwe katika kesi kama mhusika wa tatu. Hata hivyo, ukiwa umetia sahihi maneno "bila kujali chanzo chake", fungu watakalopewa shule wanaweza kukurudishia wewe kwa mkataba. Hapo ndipo hatari ya kipengele hicho ilipo.

Kuhusu ushauri wa mwenzako: kampuni inalinda nyumba na shamba lako dhidi ya madeni ya kampuni, lakini haimkingi mtu dhidi ya uzembe alioutenda kwa mikono yake mwenyewe. Mkurugenzi ambaye ndiye mpishi mkuu anaweza kushtakiwa kwa jina lake. Bima ni jambo jema, ila uisome. Bima ya dhima kwa umma mara nyingi inaandikwa kwa ajili ya ajali za mahali pa biashara, kwa mfano mgeni akiteleza jikoni, na madhara ya chakula kilichokwisha kuondoka kwako yanahitaji bima ya dhima ya bidhaa. Uliza swali hilo kwa maandishi na upate jibu kwa maandishi.

Jambo la mwisho kwa leo ni muda. Madai ya uzembe yana miaka 3, ya mkataba yana miaka 6. Daftari linalotupwa kila mwisho wa muhula halitakusaidia. Aidha, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya fidia ya majeraha ya mwili, na mdai hahitaji wakili. Kwa hivyo usidhani kwamba mzazi wa kawaida hataweza kukufikisha mahakamani.

Afisa wa Afya Mstaafu (Kakamega)

Namuunga mkono Wakili, ila mimi ningeanzia jikoni, kwa sababu kesi nyingi za chakula zinaamuliwa na mambo yaliyotendeka kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa saba mchana, siku ambayo hakuna aliyekuwa akifikiria mahakama.

Bi. Mpishi, katika orodha yako ya vyakula, ninavyoviogopa zaidi ni wali na maharagwe, wala si samaki kama watu wengi wanavyodhani. Mchele huja na mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye joto la kawaida, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo ya kutapisha haiondoki hata ukiupasha wali moto upya. Sumu ya Staphylococcus, ambayo hutokana na mikono, pua na vidonda vya wapishi, nayo ina tabia hiyohiyo. Ndiyo maana mpango wa shule wa kuweka mabaki hadi jioni haufai kabisa, na kauli ya "tutapasha vizuri" si jibu. Maharagwe au nyama katika sufuria kubwa huleta bakteria mwingine, Clostridium perfringens, anayependa chakula kizito kinachopoa polepole katikati ilhali juu kimeshapoa.

Maharagwe mekundu yana jambo lao la pekee ambalo hata wapishi wazoefu hawalijui. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko wa kweli. Yakilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, kisha yakachemka kwa nguvu kwa dakika 30, hakuna tatizo. Lakini yakiivishwa kwa moto hafifu, labda kwa sababu kuni zilikuwa mbichi au gesi ilikuwa inakwisha, yanaweza kulainika yakaonekana yameiva huku sumu ikiwa bado imo, na watoto wakaanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 3. Andika saa maharagwe yalipoanza kuchemka na saa yalipoepuliwa. Mstari huo mmoja wa daftari una thamani kubwa.

Kuhusu vipimo: chakula kifike nyuzi 70 na zaidi katikati ya sufuria, kiondoke jikoni kikiwa juu ya nyuzi 60, na kifike shuleni kikiwa bado juu ya nyuzi 60. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu hustawi, na chakula kilichopikwa kisikae humo zaidi ya saa 2. Nunua kipimajoto cha kuchomeka, kisha ujifunze kukihakiki: bilauri iliyojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo inapaswa kusoma nyuzi 0. Kipimajoto ambacho hakijawahi kuhakikiwa, wakili wa upande wa pili atakifanyia mzaha mahakamani.

Sasa daftari. Nimekagua jikoni nyingi, na daftari la uongo hulitambua kabla sijakaa. Joto la kila siku ni 75, wino ni uleule, mwandiko ni uleule hata siku ambazo mwandishi alikuwa likizo, na ukurasa hauna tone la mafuta. Daftari la kweli lina 71, lina 83, lina siku moja ya 58 ambapo pembeni pameandikwa "kimerudishwa motoni dakika 15, kikapimwa tena, 78". Ukurasa huo wenye kasoro iliyorekebishwa ndio ninaouamini, na nimeona mahakimu nao wakiuamini, kwa kuwa unaonyesha kwamba kuna mtu alipima, akaona, akachukua hatua. Tafadhali msifute siku mbaya.

Kisha weka sampuli. Kila siku, kila chakula, chukua vijiko kadhaa kwa kijiko safi kilichochemshwa, weka kwenye chombo safi chenye kifuniko, bandika tarehe, saa na jina la shule, na uhifadhi ndani ya friji kwa saa 72 angalau. Watu wakiugua, kitu cha kupimwa kinakuwepo. Bila sampuli, kinachobaki ni neno la mpishi dhidi ya neno la mzazi.

Nikuongezee moja ambalo wasambazaji wengi wanalipuuza: jifunze muda ambao kila ugonjwa huchukua kabla ya kujitokeza. Sumu ya Staphylococcus, na ile ya wali ya kutapisha, hujitokeza ndani ya saa chache, mara nyingi kati ya 1 na 6. Perfringens ni saa 6 hadi 24. Salmonella ni kuanzia saa 6 hadi siku kadhaa. Kipindupindu ni kuanzia saa chache hadi siku 5. Homa ya matumbo huchukua siku 6 hadi 30. Nimemsikia mzazi akidai kwamba mtoto alikula saa saba mchana na jioni ya siku hiyohiyo hospitali ikampata na homa ya matumbo ya chakula hicho. Mtoto ni mgonjwa kweli na anastahili matibabu, lakini homa ya matumbo haiji kwa saa sita, na mtu mwenye orodha ya vyakula vya mwezi mzima anaweza kulieleza hilo kwa utulivu. Kinyume chake, watoto 40 wakitapika saa mbili baada ya wali wako, usitafute mchawi.

Mwisho, wapishi wote wawe na vyeti vya kupimwa afya ambavyo havijaisha muda, na mwenye kuhara au kidonda chenye usaha asiguse chakula hata kama cheti chake kimetoka jana. Cheti kinaeleza hali ya mtu siku aliyopimwa tu.

Msagaji wa Bungoma

Nimeona tunatajwa, nikaona nichangie kutoka upande wa kinu.

Bi. Mpishi, hatari ya unga haifanani na hizo alizozitaja Mzee, kwa sababu kipimajoto hakiioni na moto hauiondoi. Aflatoksini ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na njugu, haifi kwa kupika ugali, na mara nyingi huwezi kuionja wala kuinusa. Mwaka 2004 katika eneo la Mashariki, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi zilizokuwa madukani kwa sababu hiyohiyo. Hao walikuwa wasagaji wenye nembo ya ubora, kwa hivyo usijifiche nyuma ya nembo pekee.

Kiwango cha sheria ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kila kilo, na mahindi yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Sisi huku tunavuna mvua ikiwa bado inanyesha, na mkulima mwenye haja ya karo hawezi kungoja. Msagaji makini atakuwa na mashine ndogo ya kupima unyevu langoni, na atakataa gunia la asilimia 16 au alipeleke kukaushwa kwanza. Muulize msagaji wako kama anayo, kisha umwombe uione ikifanya kazi. Swali hilo huwatenganisha watu upesi.

Jambo la pili ni namna ya kuchukua sampuli. Sumu haikai sawasawa ndani ya gunia. Gunzi moja bovu linaweza kuwa na sumu nyingi, ilhali lililo jirani yake halina kitu. Mtu akichota konzi moja juu ya gunia na kupeleka maabara, cheti atakachopata kinaeleza habari za konzi hiyo tu. Chota kidogo kidogo juu, katikati na chini, kutoka magunia mengi, changanya, ndipo upime.

Na la tatu ndilo linalogusa dhima: namba ya bechi, yaani ya unga uliosagwa kwa mkupuo mmoja. Mimi naandika kwenye ankara tarehe ya kusaga na namba ya bechi, na daftari langu linaonyesha mahindi ya bechi hiyo yalitoka kwa nani. Wewe nawe uandike siku uliyofungua gunia la bechi hiyo na shule uliyoipelekea ugali wake. Kila mtu akijua hatua moja nyuma yake na moja mbele yake, bechi mbaya inaweza kuitwa irudi ndani ya asubuhi moja. Asiyejua analazimika kuita kila kitu, au, vibaya zaidi, ananyamaza. Nitasema wazi kwamba wenzangu wengine hawapendi kuandika bechi kwa sababu wanajua ndiyo itakayowafunga. Msagaji wa namna hiyo usinunue kwake, hata akikupunguzia shilingi mia tatu kwa gunia.

Mpishi wa Mamboleo (Kisumu)

Asanteni sana, Wakili, Mzee na Bwana Msagaji. Nimeelewa kuhusu unga, na nitaanza na swali la mashine ya unyevu. Lakini bado nina mafundo mawili.

La kwanza, mama ninayenunua omena kwake hatoi ankara wala risiti, na wa ndengu pale Kibuye hali kadhalika. Nikiwaambia habari ya bechi watanicheka. Je, nihamie kwa wauzaji wakubwa, ambao bei yao itanila faida yote?

La pili, nimemweleza mhasibu wa shule habari ya mabaki ya jioni. Alisema hawatakubali kumwaga chakula walichokilipia, na kwamba watoto wa bweni wamekula hivyo miaka yote bila mtu kufa.

Mchuuzi wa Samaki, Kisumu

Dada, usihame. Risiti ni ushahidi wa aina moja, na kuna aina nyingine. Mlipe kwa M-Pesa. Ule ujumbe una jina lake, kiasi, tarehe na saa. Jioni hiyohiyo andika kwenye daftari lako: omena, debe mbili, kwa fulani, ufuo fulani, zilianikwa wapi, hali yake ilikuwaje. Piga na picha. Ukifanya hivyo kila mara unaponunua, utakuwa na rekodi nzuri kuliko wafanyabiashara wengi wenye vitabu vya risiti.

Muhimu zaidi ni kumjua anayeanika. Omena zinazoanikwa juu ya mchanga huokota kila kinachopita hapo, yakiwemo mavi ya kuku na mbwa. Zinazoanikwa juu ya vichanja vya wavu hukauka upesi na kwa usafi. Tofauti unaiona ukizimwaga kwenye beseni la maji: za mchanga huacha tope chini. Kwa ngege na mbuta, nunua palipo na barafu, na ukague macho, matamvua na harufu kabla ya kulipa, kwa maana ukishalipa na kuondoka ufuoni hakuna wa kumrudia.

Na wale wanaofikiri haya ni mambo ya wazungu wakumbuke yaliyotupata. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliwekea samaki wa Ziwa Victoria vizuizi zaidi ya mara moja, kwanza kwa salmonella, kisha kwa kipindupindu, kisha kwa habari za watu waliovua kwa dawa za kuulia wadudu. Viwanda vilipunguza kazi na wavuvi wakauza mbuta kwa bei ya kutupa, pamoja na wale ambao mikono yao ilikuwa safi. Kilichorudisha soko ni kupimwa, kuandikwa, na kila samaki kujulikana alikopakuliwa.

Afisa wa Afya Mstaafu (Kakamega)

Kuhusu mhasibu wa shule, "bila mtu kufa" ni kauli niliyoisikia katika kila jikoni kabla ya siku balaa lilipotokea. Mpe njia ya kutoka badala ya kubishana naye. Pendekeza upike mlo wa jioni kwa safari ya pili, wali mdogo na mboga, kwa bei nafuu, na upunguze kiasi cha mchana ili mabaki yawe machache. Shule haitaki kumwaga fedha, na hilo ni halali yao. Wakikataa, basi chakula cha jioni si chako tena, na Wakili atueleze namna ya kuandika hivyo.

Wakili wa Nakuru

Pendekezo langu la kipengele, ambalo wakili wako aliye karibu atalinyoosha:

"Msambazaji atawajibika kwa madhara yanayotokana na uzembe wake, au na kasoro iliyokuwemo katika chakula wakati wa kukabidhiwa. Kukabidhi kutakamilika pale mwakilishi wa shule atakapopima joto la chakula na kutia sahihi hati ya kupokea. Chakula kitaliwa ndani ya saa mbili tangu kukabidhiwa. Shule itawajibika kwa chakula kilichohifadhiwa, kilichopashwa au kilichogawanywa baada ya muda huo. Malalamiko yoyote ya kiafya yataarifiwa kwa msambazaji mara tu yanapojulikana, na kabla ya saa 24 kupita, na mabaki ya chakula husika yatahifadhiwa ili yachunguzwe."

Hati ya kupokea ndiyo moyo wake. Iwe na nakala mbili, na sehemu ya saa, joto la kila chombo, na sahihi za watu wawili. Watu wa shule watakaokataa kutia sahihi hati hiyo wamekueleza jambo kuhusu namna watakavyojitetea siku ya siku.

Kumbuka, hata hivyo, kwamba kipengele hiki kinawabana wewe na shule tu. Mtoto hakifahamu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kulindwa afya yake na ya kufidiwa akiumizwa, na Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya mwaka 2012 haikubali haki zake ziondolewe kwa makubaliano. Kwa hivyo usiwape wazazi fomu za kusema kwamba wameridhia hatari yoyote. Hazitakulinda, na zitakufanya uonekane ulijua kuna hatari ukanyamaza.

Siku malalamiko yakija, usikiri na usikanushe. Pokea, andika, arifu bima yako siku hiyohiyo, kwa sababu kuchelewa kuarifu ni sababu ya kawaida ya bima kukataa kulipa.

Afisa wa Afya Mstaafu (Kakamega)

Hapo, Wakili, nakubali nusu. Msambazaji anayeambiwa "usikiri" mara nyingi husikia "nyamaza", na kunyamaza ndiko kunakoua. Wali wa sufuria ileile uko njiani kuelekea chuo cha ufundi. Ukingoja kumpigia wakili, wengine arobaini wataula. Kwanza simamisha ugawaji kila mahali, kisha mpigie afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, kisha tenga sampuli, ndipo uwapigie wengine. Tena ombeni shule iorodheshe waliokula nini na saa ngapi, wakiwemo wale ambao hawakuugua. Orodha ya wasiougua ndiyo inayoonyesha kama tatizo lilikuwa kwenye wali, kwenye maharagwe, au kwenye maji ya tangi la shule ambayo hayahusiani nawe hata kidogo.

Wakili wa Nakuru

Mzee amenisahihisha vyema. Kusema "tumesimamisha ugawaji na tumewaita maafisa" ni taarifa ya ukweli, na taarifa ya ukweli haihesabiwi kuwa kukiri kosa. Ninachokataza ni ujumbe wa saa tano usiku kwenye kundi la WhatsApp la wazazi unaosema "poleni sana, ni wali wetu" kabla hata sampuli haijapimwa.

Mpishi wa Mamboleo (Kisumu)

Nimeandika yote. Nimewapelekea shule kipengele kipya pamoja na bei ya mlo wa jioni wa safari ya pili. Mhasibu amesema bei anaweza kuikubali, ila mpishi wao hataki kutia sahihi joto la chakula kwa kuwa hajawahi kutumia kipimajoto. Nimejitolea kumfundisha Jumatatu asubuhi, yeye na msaidizi wake, kwa bilauri ya barafu kama Mzee alivyoeleza. Kama bado watakataa, mkataba nitaurudisha.

Swali dogo lililobaki ni kwa Mzee: sampuli za saa 72, je, zinaweza kukaa katika friji ileile ya maziwa, au lazima iwe ya peke yake?

Afisa wa Afya Mstaafu (Kakamega)

Inaweza kuwa ileile, mradi iwe chini ya nyuzi 5, na sampuli ziwe ndani ya kasha lenye kifuniko katika rafu yake. Lakini kasha liwe na kufuli, na ufunguo ukae na mtu mmoja ambaye jina lake limeandikwa, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni nani mwingine angeweza kuligusa.